Nani Anajibu Kwenye Bariyeri? Gemu za Kuigiza Mhusika Zikipimwa kwa Masisi na Walikale

Katika uchambuzi wa riwaya tumezoea kuanza na swali la nani anasimulia. Gemu za kompyuta za kuigiza mhusika hutulazimisha kuanza na swali jingine: nani anajibu? Mbele ya mchezaji husimama mhusika anayeuliza, na chini ya swali lake hupangwa majibu matatu au manne yaliyokwisha kuandikwa. Mchezaji huchagua moja, na hadithi hufuata njia ya jibu hilo. Makala hii inachunguza mtindo huo wa usimulizi una nguvu gani na unashindwa wapi. Badala ya kuupima kwa nchi za kubuni zenye mazimwi na mapanga, kama ilivyo kawaida, nitaupima kwa maeneo mawili ya Kivu ya Kaskazini, yaani Masisi na Walikale.

Uchaguzi wa maeneo haya una sababu. Walikale ndiko kwao Wanyanga, waliotupa utendi wa Mwindo, mojawapo ya tendi za Kiafrika zinazojulikana sana ulimwenguni. Tena, barabara za Masisi na Walikale ni mahali ambapo mtu hupimwa kwa jibu lake, na jibu baya hulipiwa. Vilevile, sehemu ya bati na tantali iliyomo ndani ya kompyuta za dunia hutoka katika vilima na misitu hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu wa Masisi anahusika na gemu hata kama hajawahi kuigusa.

Jina na asili

Istilahi yenyewe inatusumbua kidogo. Kwa Kiswahili, "mchezo wa kuigiza" tayari ni tamthilia, na tukisema "mchezo wa kuigiza wa kompyuta" msikilizaji anaweza kudhani tunazungumzia Ngũgĩ au Hussein aliyewekwa kwenye skrini. Tofauti ni kubwa. Katika tamthilia, mwigizaji hukariri maneno ya mwandishi mbele ya hadhira. Katika gemu hizi, mwigizaji na hadhira ni mtu mmoja, na hakuna kukariri, kuna kuchagua. Ndiyo maana nitatumia "gemu ya kuigiza mhusika", na neno "gemu" lenyewe vijana wamekwisha kulizoea kiasi kwamba kulikwepa ni kujisumbua bure.

Asili yake ni mezani. Mwaka 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo unaochezwa kwa karatasi, penseli na dadu. Wachezaji kadhaa huigiza kila mtu mhusika wake, na mmoja wao, msimamizi, husimulia mazingira, husema kwa niaba ya wahusika wengine wote, na huamua matokeo. Mwaka uliofuata, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani waliokuwa wakitumia mtandao wa kompyuta wa PLATO walikuwa wamekwisha kuandika programu za kuuiga. Mwaka 1981 zikatoka Ultima na Wizardry kwa kompyuta za nyumbani, na aina hii ikapata umbo ambalo bado tunalitambua: mhusika mwenye sifa zilizohesabiwa kwa namba, kazi za kutimiza, maadui, hazina, na alama za uzoefu zinazompandisha kutoka kiwango kimoja hadi kingine.

Katika safari hiyo kutoka mezani hadi kwenye mashine kuna kitu kilichopotea. Msimamizi wa mezani akisikia mchezaji anasema jambo ambalo hakulitarajia, hucheka, hufikiri, kisha hubuni jibu. Kompyuta haiwezi. Ilirithi dadu za msimamizi na hesabu zake, na kwa hesabu inamshinda kwa mbali. Masikio haikuyarithi. Udhaifu mwingi nitakaoueleza chini unatoka hapo.

Lakini tusianze na udhaifu. Gemu hizi zina sifa moja ambayo riwaya haiwezi kuwa nayo: zinamfanya msomaji awajibike. Ukisoma kwamba mhusika amemsaliti rafiki yake, unamhukumu. Ukibonyeza wewe mwenyewe jibu la usaliti, huna wa kumhukumu isipokuwa wewe. Fallout ya mwaka 1997 ilikwenda mbali zaidi: mchezaji aliyemuumba mhusika wake na akili ndogo mno alikuta majibu yenyewe yamebadilika, mhusika anaguna tu, na watu wanamtendea kama mjinga. Yaani sifa ya mhusika ilionekana katika usemi wake, si katika vita peke yake. Planescape: Torment ya mwaka 1999 ilijengwa juu ya mazungumzo kiasi kwamba mchezaji mwenye hekima na busara anaweza kumaliza mambo mengi mazito kwa maneno, bila upanga. Na Disco Elysium, iliyotolewa mwaka 2019 na studio iliyoanzia Estonia, iliondoa kabisa mfumo wa mapigano wa kawaida: sifa 24 za mhusika mkuu, ambaye ni mpelelezi aliyepoteza kumbukumbu, huzungumza naye kichwani na kubishana. Kwa mwanafunzi wa fasihi, hii ni usemi-nafsi uliogeuzwa kuwa kanuni ya mchezo. Sioni sababu ya idara zetu kuendelea kuyaacha matini kama haya nje ya mtaala kwa kisingizio kwamba ni mambo ya watoto.

Mwindo na hesabu ya nguvu

Mwaka 1956 katika nchi ya Wanyanga, mtambaji She-Karisi Rureke aliusimulia utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12, mbele ya Daniel Biebuyck na wenzake waliokuwa wakiandika. Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga, waliuchapisha mwaka 1969 kwa Kinyanga na tafsiri. Mateene baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala, na wanafunzi wa sera ya lugha wanamjua kwa kazi hiyo zaidi kuliko kwa Mwindo, jambo ambalo ni la kusikitisha kidogo.

Tazama jinsi hadithi inavyofanana na gemu. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, amewakataza wake zake kuzaa mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa hata hivyo, akiwa tayari anatembea na kuzungumza, mkononi ana usinga wake uitwao konga. Baba anajaribu kumuua kwa mikuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo anaponea yote, anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, anapata msaada wa wajomba zake, anarudi kuishinda Tubondo. Baba anakimbilia kuzimu, mwana anamfuata. Huko Muisa anampa kazi ambazo mchezaji yeyote wa gemu angezitambua mara moja: lima shamba la migomba, kisha niletee asali. Kwa Sheburungu anacheza kamari ya mbegu, anapoteza kila kitu, hata watu wake, mpaka anaweka konga rehani na kurudisha vyote. Kuna ramani, kuna kazi, kuna chombo cha ajabu, kuna adui mkuu. Studio yoyote ingeweza kuinunua hadithi hii kesho.

Nadhani ingeiharibu, na ingeiharibu sehemu moja maalumu. Baada ya Mwindo kumrudisha baba yake na kumsamehe, wawindaji wake wanamezwa na Kirimu, zimwi la msituni. Mwindo anamuua. Katika gemu tunajua kinachofuata: zimwi linapoanguka huacha hazina, alama za uzoefu huongezeka, mhusika hupanda kiwango. Kwa Rureke, zimwi linaacha ndugu. Kirimu alikuwa amechanjiana damu na Nkuba, radi, na Nkuba ndiye rafiki wa Mwindo aliyekuwa akimsaidia vitani. Nkuba anamchukua Mwindo juu mbinguni, na huko anakaa mwaka mzima akiteswa na baridi, mvua, jua na mwezi. Hapigani, hashindi, hapati kitu. Anakatazwa kuua wanyama. Anaporudi Tubondo anatoa sheria za watu kuishi kwa kupatana, na kuanzia hapo ndipo tunaweza kumwita mtemi kwa maana ambayo Wanyanga wanalipa neno hilo.

Mkondo wa gemu za kuigiza mhusika ni kinyume chake. Huanza na mhusika dhaifu anayeua panya ghalani, huisha na mhusika anayeua miungu. Namba hupanda, hazishuki. Mwindo anaanza akiwa amekamilika, na hadithi nzima inaelekea kumpunguza. Mtu anaweza kusema kwamba kompyuta inaweza kupunguza namba kwa urahisi kama inavyoongeza, na ni kweli. Tatizo halimo katika mashine. Limo katika mapatano kati ya gemu na mchezaji: saa nilizotumia zitalipwa kwa nguvu. Mnyang'anye mchezaji nguvu kwa mwaka mmoja wa mbinguni, na wengi watadhani programu imeharibika.

Ni haki kutaja kwamba waundaji wengine wameliona hili. Ultima IV ya mwaka 1985 haikuwa na adui mkuu wa kuuawa. Lengo lilikuwa kuzifikia fadhila nane. Lakini fadhila zenyewe zilihesabiwa kwa siri ndani ya programu, na kumpa maskini sarafu kuliongeza hesabu ya huruma. Mchezaji mjanja aligundua upesi kwamba huruma inanunulika. Tangu hapo maadili katika gemu nyingi yamebaki kuwa kipimo chenye upande mwema na upande mbaya, kama kwenye Knights of the Old Republic ya mwaka 2003. Mambo ya udugu wa damu, deni la ujomba, au kosa linalotokana na ushindi wenyewe hayapati safu katika hesabu hiyo.

Jambo jingine: utendi wa Mwindo si mmoja. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha matoleo mengine matatu kutoka kwa watambaji wengine, na Mwindo wao si yule yule wa Rureke. Hapa gemu ingeweza kufanya kazi ambayo kitabu hufanya kwa shida, yaani kuweka matoleo hayo yote ndani ya matini moja, kila jibu la mchezaji likimpeleka kwa mtambaji tofauti. Ningependa sana kuona hilo.

Lugha kwenye bariyeri

Sasa tutoke kwenye utendi twende barabarani. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walichapisha ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu mbili, Kaskazini na Kusini, na walivihesabu karibu 800. Watu huviita bariyeri. Huenda ni kamba, mti uliolazwa, au mwanzi tu juu ya panda mbili. Pembeni kuna askari wa serikali, au watu wa kundi lenye silaha, au watoza ushuru, au vyote kwa pamoja. Huko Walikale, kwa miaka mingi, wapagazi walitoka machimbo ya Bisie na magunia ya kasiteriti mabegani, wakapita msituni mpaka Ndjingala kwenye barabara kuu, na njia nzima walikuwa wakilipa. Masisi mtu hulipa kwa maharagwe, kwa jibini, kwa makaa, kwa kupita tu.

Bariyeri ni mandhari ambayo gemu ya kuigiza mhusika ingeonekana imezaliwa kuisimulia. Kuna anayeuliza, kuna anayejibu, kuna hatari. Tuchukulie mhusika wetu ni mama anayepeleka maharagwe sokoni. Kwa desturi ya gemu, skrini ingempa majibu kama haya: mwambie huna kitu; mpe faranga mia tano; mtishe, kama nguvu yako inafika saba; mshawishi, kwa uwezekano wa asilimia 40. Majibu yote manne yameandikwa kwa lugha moja, iwe Kiingereza, Kifaransa au Kijapani.

Mtu anayezijua barabara hizo ataona mara moja kwamba chaguo la kwanza halimo. Kabla ya kuamua aseme nini, mama huyu huamua aseme kwa lugha gani. Masisi ina wasemaji wa Kihunde, wa Kinyarwanda na, upande wa kusini, wa Kitembo. Walikale ina Kinyanga, Kikumu, Kikano, Kitembo na nyingine. Juu ya hizo kuna Kiswahili, lugha ya soko. Kilingala, ambacho tangu enzi za ukoloni ndicho lugha ya jeshi. Na Kifaransa, lugha ya barua na mihuri. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, lakini bariyeri ina katiba yake.

Ukisalimia kwa "Mbote, shefu", umeonyesha kwamba jeshi si kitu kigeni kwako; mbele ya askari wa Kinshasa huenda ikakusaidia, mbele ya kundi linalopigana nao huenda ikakuponza. Kifaransa hukupandisha cheo, na bei hupanda nawe, maana aliyesoma hudhaniwa ana mshahara au anafanya kazi kwenye shirika. Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda hufungua mlango kwa huyu na kuufunga kwa yule, na hapa kosa si dogo. Masisi ilipokea Wanyarwanda wengi walioletwa na serikali ya Kibelgiji kuanzia mwaka 1937, wakiungana na wengine waliokuwapo eneo hilo kabla, na tangu mauaji yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993, lafudhi ya mtu imewahi kutumiwa kama kitambulisho cha kumfanya mgeni kwenye kilima alichozaliwa.

Kiswahili chenyewe si kimoja. "Niko naenda ku Masisi, wakubwa" ni Kiswahili cha Kivu, hakimvuti mtu macho. "Ninakwenda Masisi, waheshimiwa" ni sanifu, sahihi kabisa kwa mtihani wetu, na pale kwenye kamba humfanya msemaji asikike kama mwalimu, mhubiri au mtu wa Tanzania. Wanafunzi wenzangu wa isimujamii wataona hapa somo zima la ubadilishaji msimbo, isipokuwa kwamba kwenye vitabu vyetu msemaji hubadili msimbo ili aonyeshe ukaribu au ucheshi, na hapa anabadili ili afike nyumbani.

Ongeza majina ya kuitana. Kumwita kijana mwenye bunduki "afande" ni kukubali cheo chake. Kumwita "shefu" ni kumlainisha. Mama mtu mzima akimwambia "mutoto wangu", amefanya jambo la ujasiri: amemwondoa kwenye jeshi na kumrudisha kwenye ukoo, mahali ambapo yeye ndiye mkubwa. Huenda kijana akaona haya akainua kamba. Huenda akakasirika. Hakuna asilimia 40 ya jambo hilo. Inategemea mama mwenyewe, umri wake, sauti yake, na kama kijana amekula.

Na kuna kunyamaza. Katika gemu shujaa husema kwa niaba ya kundi zima. Kwenye gari la abiria linalopanda kutoka Sake, dereva ndiye husema, naye anajua majina ya watu wa kila bariyeri. Abiria mwenye akili hutazama magoti yake. Nimeona gemu chache sana zinazokubali kwamba jibu bora la mhusika mkuu ni kumwacha mwingine ajibu.

Je, hakuna gemu zilizoshughulika na wingi wa lugha? Zipo, na namna zilivyofanya inafundisha. Final Fantasy X ya mwaka 2001 ina jamii ya Al Bhed yenye lugha yake, ila "lugha" hiyo ni alfabeti iliyobadilishwa herufi kwa herufi. Mchezaji hukusanya vijitabu 26, kila kimoja hufungua herufi moja, na mwishowe kila kitu kinasomeka. Metal Gear Solid V ya mwaka 2015, ambayo ni gemu ya kijasusi na vita zaidi kuliko ya kuigiza mhusika, inatusogelea karibu zaidi: sehemu yake kubwa iko mpakani mwa Angola na Zaire mwaka 1984, na mchezaji hawezi kuwaelewa maadui mpaka ampate mkalimani wa Kirusi, Kiafrikana, Kikongo au Kipashto. Katika kisa chake kuna hata vijidudu vya kooni vinavyoua wasemaji wa lugha maalumu, Kikongo kikiwa mojawapo. Wazo la kutisha, na kwa namna fulani ni tamathali ya wazi kabisa ya kufa kwa lugha. Hata hivyo katika gemu zote mbili lugha ni kufuli: ukipata ufunguo, imekwisha, hutafikiri tena. Kwa mama wa maharagwe lugha ni zaidi ya nguo kuliko kufuli. Anazo nne au tano, anazielewa zote, na shida yake ni avae ipi leo.

Nguo, kwa kweli, gemu zimewahi kuiweza. Katika Fallout: New Vegas ya mwaka 2010, ukivaa sare ya kundi fulani, wapinzani wa kundi hilo hukushambulia na wenyewe hukupokea. Maana yake ufundi upo. Programu inayoweza kukumbuka mhusika amevaa sare gani inaweza kukumbuka amesalimia kwa lugha gani, na inaweza kubadilisha mwenye bariyeri mchezo ukiendelea. Hilo la mwisho ni lazima, maana Masisi na Walikale hubadilika mikono. M23 waliichukua Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi-centre Januari 2025, Walikale-centre Machi 2025, na Walikale wakaiacha mwezi uliofuata. Bariyeri ikipata mwenyewe mpya, salamu iliyofaa mwezi uliopita huweza kuwa kosa mwezi huu.

Kilichomo ndani ya mashine

Hatuwezi kuzungumzia gemu na Masisi bila kutaja mawe. Rubaya hutoa koltani, inayosafishwa kuwa tantali ya kapasita ndogo ndani ya simu na kompyuta. Bisie ni bati, linalotumika kulehemu vipande hivyo. Tangu mwaka 2019 kampuni ya Alphamin inachimba hapo kwa mashine, mahali ambapo maelfu ya watu walikuwa wakichimba kwa mikono. Bei ya tantali ilipopaa mwishoni mwa mwaka 2000, mwaka uleule ilipotoka PlayStation 2, wengine waliunganisha mambo hayo mawili na kuzungumza kana kwamba mashine ya michezo ndiyo iliyoanzisha vita. Ni kurahisisha mno. Vita ilikuwa imekwisha kuanza, na simu pamoja na wafanyabiashara waliolimbikiza walikuwa na mkono mkubwa zaidi.

Gemu iliyoutaja uhusiano huo waziwazi ni Phone Story, ya studio ya Kiitaliano Molleindustria, iliyotolewa Septemba 2011 na kuondolewa na Apple kwenye duka lake ndani ya siku chache. Katika sehemu yake ya kwanza, mchezaji ni mlinzi mwenye silaha anayewaswaga watoto wachimba koltani Kongo wasipumzike. Ni kejeli kali, na kuondolewa kwake kulithibitisha hoja yake kuliko gemu yenyewe. Lakini itazame kwa swali letu la mwanzo. Watoto wale hawajibu. Mchezaji amepewa nafasi ya mwenye bunduki, na mchimbaji amebaki mwili unaosimama na kuinama. Gemu ya kuigiza mhusika, pamoja na hesabu zake zote za kijinga, ndiyo aina pekee inayodai kwamba kila anayekutana nawe awe na maneno ya kusema, hata mlinda lango, hata muuza samaki. Kwa watu ambao habari za dunia huwahesabu tu, hilo si jambo dogo.

Anayepaswa kuandika maneno hayo ni nani, ndilo swali gumu. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, gemu ya kuigiza mhusika iliyobuniwa na Waafrika kutoka visasili vya Kiafrika, baada ya miaka ya kutafuta fedha. Mwaka 2024 ilitoka Tales of Kenzera: ZAU ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambayo si ya aina hii hasa, ila mchezaji anaweza kuisikiliza yote kwa Kiswahili. Kazi kama hizo hudai umeme wa kudumu, watu wengi na pesa nyingi. Kwa mwanafunzi wa Walikale, kusubiri studio ni kusubiri sana.

Kuna njia ya mkato inayotufaa sisi wa lugha. Tangu miaka ya 1980 vimekuwapo vitabu vya kuigiza mhusika ambamo msomaji hufika mwisho wa aya akaambiwa achague: ukitaka kuvuka, nenda aya ya 40, ukitaka kurudi, nenda aya ya 12. Havihitaji kompyuta, na mtu akiwa na daftari na rula anaweza kuandika kimoja. Napendekeza kwa semina ya muhula ujao zoezi lifuatalo. Kila kundi liandike bariyeri moja, yenye aya zisizozidi 30. Chaguo la kwanza la msomaji liwe lugha ya salamu, na kila lugha iandikwe na mtu anayeisema nyumbani kwao, si kwa kutafsiriwa. Aya moja angalau iwe ya kunyamaza. Mwenye bariyeri abadilike mara moja katikati bila msomaji kuambiwa. Na asiwepo mhusika mwenye namba ya ushawishi. Kama mama atavuka, msomaji aone ni neno gani lililomvusha.